Gamba la kobe si nyumba: dhana potofu na ukweli

Hapa Tanga, muulize mtoto kobe ni nani, atakwambia ni mnyama anayetembea na nyumba yake. Wakubwa nao ndivyo tulivyofundishwa. Na kwa kuwa nyumba huhamwa, wengi huamini kobe anaweza kutoka ndani ya gamba akipenda, au kwamba ukilibandua utamkuta mnyama mzima amejikunyata humo.

Hatoki, kwa sababu gamba ni mifupa yake mwenyewe. Ukibahatika kuliona gamba tupu la kobe aliyekufa porini, lipindue ulitazame kwa ndani. Uti wa mgongo umepita katikati, umeshikana na paa lote, na mbavu zimetandazwa kulia na kushoto hadi karibu na ukingo. Gamba zima, la mgongo na la tumbo, lina mifupa ipatayo 50 hadi 60. Lile la tumbo kwa kawaida lina mifupa tisa, na ile ya mbele kabisa inatokana na mitulinga.

Kinachonistaajabisha zaidi ni bega. Kwetu sisi mfupa wa bega umekaa nje ya mbavu; kwa kobe umo ndani yake. Kobe akiwa bado ndani ya yai, mbavu zake hazipindi kushuka kukumbatia kifua. Hukua kwenda pembeni, zikaingia katika ngozi ya mgongo na kupita juu ya bega, kisha mfupa ukaenea baina ya ubavu na ubavu mpaka zote zikaungana. Kwa hiyo wanaosema gamba ni ngozi iliyokomaa wanakosea. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza mabaki ya Odontochelys, kobe wa kale aliyepatikana China, mwenye umri wa miaka milioni 220 hivi. Gamba la tumbo lilikuwa limekamilika. Mgongoni alikuwa na mbavu pana tu.

Dhana inayoniuma ni hii: eti gamba halina uchungu. Ndiyo maana utamwona kobe uani ametobolewa ukingo wa gamba, kamba ikapitishwa, akafungwa mtini. Tabaka la juu ni jembamba, ni keratini, kitu kile kile kilichomo kwenye kucha zetu. Chini yake kuna ngozi hai, kisha mfupa wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Mguse gamba taratibu kwa kijiti, naye atajua. Kumtoboa ni kutoboa mfupa wa kiumbe hai, na tundu lile ni mlango wa vijidudu. Vivyo hivyo, kobe aliyegongwa na bodaboda gamba likapasuka ana jeraha la mfupa. Linaweza kupona, lakini polepole sana, na kulipaka gundi likiwa chafu ni kuufungia uchafu ndani. Apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Na jamani, watoto wakatazwe kumpindua chali. Mbavu zilizogandamana haziwezi kutanuka, kwa hiyo kobe hupumua kwa misuli ya tumbo na ile iliyo kwenye mianya ya miguu. Mapafu yake yako juu, chini ya mgongo. Akilala chali, matumbo yote huyaelemea, na juani anaweza kufa.

Ile hadithi ya kobe aliyeanguka kutoka karamu ya ndege angani, gamba likapasuka na kuungwaungwa, mabibi waendelee kuisimulia, ni tamu. Ila mistari ile si nyufa. Ni mipaka ya mabamba ya keratini. Maungio ya mifupa iliyo chini yamepita kwingine, kama fundi muashi asivyoweka kiungo juu ya kiungo anapopanga tofali, na hilo huongeza uimara. Kuhesabu miviringo ya mabamba ili kujua umri nako hakuaminiki: hufuata shibe na njaa, na kwa wazee husagika.

Tuje baharini. Pwani ya Pangani, kuelekea kisiwa cha Maziwe ambako kasa wamekuwa wakitaga, kuna wanaodhani kasa akitishwa huingiza kichwa kama kobe. Hawezi, gamba lake limebapa na miguu imekuwa mapezi. Kichwa kiko nje daima, wavu ukija na pangaboi ikija.

Ng'amba, mmoja wa kasa hao, ndiye aliyeumia zaidi kwa uzuri wa gamba lake. Karne ya kwanza, Wagiriki waliandika kwamba Rhapta, bandari ya pwani yetu hii, iliuza pembe za ndovu na magamba ya kasa. Kilichotafutwa ni yale mabamba ya keratini. Ipo imani kwamba ng'amba akibanduliwa mabamba kwa moto kisha akaachiwa, yataota tena. Yanaota kutoka kwenye ngozi hai, na moto huiunguza ngozi hiyo, mfupa ukabaki wazi. Tanzania kasa wote wanalindwa na sheria.

Anabaki noa, mkubwa kuliko kasa wote, apitaye maji yetu bila kutaga hapa. Wengine humwona na ngozi laini nyeusi wakasema hana gamba. Analo: chini ya ngozi ile kuna maelfu ya vipande vidogo vya mfupa vilivyopangana, na chini yake tena mbavu ambazo, tofauti na za kasa wengine, hazikuungana nalo.