Njia muhimu ya ratiba ya ujenzi: dhana potofu na ukweli

Ratiba nyingi za nyumba za kawaida ni orodha tu ya kazi, kila moja na tarehe yake. Tarehe hizo hazisemi lolote mpaka uulize kwa kila kazi: hii inasubiri nini? Jibu likishaandikwa, hesabu ndogo ya kujumlisha na kutoa inaonyesha ni kazi zipi zikichelewa siku moja nyumba nzima inachelewa siku moja. Mnyororo wa kazi hizo ndio njia muhimu. Dhana potofu nyingi zinatokana na kuuchagua mnyororo huo kwa macho bila kuupigia hesabu.

Tuchukue nyumba isiyo ya ghorofa ambayo kuta na linta zimekamilika. Muda uliowekwa hapa ni wa mfano, kwa siku za kazi:

Kupaua: siku 10, hakusubiri kazi nyingine.
Mabomba ya umeme ukutani: siku 4, hayasubiri kazi nyingine.
Lipu: siku 12, inasubiri kupaua na mabomba ya umeme.
Kupima na kutengeneza madirisha ya aluminiamu: siku 14, kunasubiri lipu.
Kufunga madirisha: siku 3, kunasubiri madirisha yawe tayari na lipu iishe.
Dari ya jipsamu: siku 8, inasubiri madirisha kwa sababu bodi zikinyeshewa zinaharibika.
Tailizi: siku 7, zinasubiri lipu.
Rangi: siku 6, inasubiri dari na tailizi.
Shimo la maji taka: siku 12, halisubiri kazi nyingine, ila liwe tayari siku ya kukabidhi nyumba.

Ukienda mbele, kupaua kunaisha siku ya 10, lipu siku ya 22, madirisha yanakuwa tayari siku ya 36 na kufungwa siku ya 39, dari inaisha siku ya 47, rangi siku ya 53. Kisha unarudi nyuma kutoka siku ya 53 ukiuliza kila kazi iishe siku gani kwa kuchelewa kabisa bila kuigusa tarehe ya mwisho. Tailizi zinaweza kuisha siku ya 29, lakini hazihitajiki mpaka siku ya 47, kwa hiyo zina mwanya wa siku 18. Mabomba ya umeme yana mwanya wa siku 6. Shimo lina siku 41. Kazi zilizobaki hazina mwanya hata wa siku moja.

Dhana: njia muhimu ni ya kazi kubwa, ghali au ngumu

Tailizi zinakula fedha nyingi, na mwenye nyumba huwa na wasiwasi nazo kuliko kitu kingine. Katika ratiba hii hazimo kwenye njia muhimu. Kilichomo ni madirisha, ambayo kwa siku 14 yanatengenezwa kwenye karakana ya mtu mwingine, mbali na saiti, wakati msimamizi anawahimiza mafundi wa tailizi waongeze kasi. Ukileta fundi wa pili wa tailizi ukaokoa siku 3, unachopata ni mwanya wa siku 21 badala ya 18. Nyumba bado inaisha siku ya 53. Njia muhimu ni mnyororo mrefu kuliko yote kwa muda, basi. Thamani ya kazi haimo kwenye hesabu hiyo.

Dhana: mafundi wamezoea kufuata mpangilio huu, basi ndio utegemezi

Hapa ndipo siku nyingi zaidi hupatikana, na bila gharama kubwa.

Utegemezi, yaani kazi moja kuisubiri nyingine, ni wa aina tatu. Kuna unaotokana na kazi yenyewe: huwezi kupiga lipu juu ya ukuta ambao fundi umeme bado hajauchimba, labda uwe tayari kuibomoa. Kuna utegemezi wa mazoea, ambao unaweza kupangwa upya. Na kuna unaotoka nje ya saiti, kama kibali au kuunganishiwa umeme, ambao huwezi kuuamuru, unaweza tu kuuanza mapema.

Angalia mstari wa madirisha. Fundi aluminiamu anakataa kupima kabla ya lipu, na ana haki, kwa sababu lipu inapunguza nafasi ya dirisha pande zote. Fremu iliyopimwa kwenye tofali tupu haitaingia. Lakini anachohitaji ni kingo za madirisha zilizokamilika, si kuta zote za nyumba. Kwa hiyo ivunje kazi ya lipu vipande viwili: kingo za madirisha, siku 2, na kuta zilizobaki, siku 10.

Sasa kingo zinaisha siku ya 12 na vipimo vinachukuliwa hapo hapo. Madirisha yanakuwa tayari siku ya 26 huku lipu ya kuta ikiwa imeisha siku ya 22. Kufunga kunaisha siku ya 29, dari siku ya 37, rangi siku ya 43. Siku 10 zimeokolewa, na hakuna aliyefanya kazi kwa kasi zaidi wala kibarua aliyeongezwa. Kuna sharti moja: kingo zipigwe kwa timazi, zinyooke, na vipimo vyake vya mwisho viandikwe dirisha kwa dirisha. Fundi akija baadaye "kuzirekebisha kidogo", fremu zilizokwisha kukatwa zitakuwa hasara.

Mstari wowote wa ratiba wenye muda mrefu na kazi kubwa inayousubiri unastahili swali hilo: anayesubiri anahitaji kazi nzima, au sehemu yake tu?

Dhana: njia muhimu ikishajulikana, imejulikana

Kwenye ratiba mpya, lipu ya kuta ina mwanya wa siku 4 tu: inaisha siku ya 22 na kufunga madirisha kunaanza siku ya 26. Karakana ikikubali kulipwa zaidi ili itengeneze madirisha kwa siku 8 badala ya 14, yatakuwa tayari siku ya 20. Umelipia siku 6. Umepata 4, kwa kuwa lipu haijaisha na sasa yenyewe ndiyo inayoshika njia muhimu. Siku mbili za mwisho umezilipia bila faida.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyoizaa njia hii. Mwaka 1957 Morgan Walker wa kampuni ya kemikali ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walikuwa wanatafuta, kwa msaada wa kompyuta ya UNIVAC, ni kazi zipi zinafaa kulipiwa ziende haraka na zipi ziachwe. Kwa hiyo kila unapofupisha kazi, piga hesabu upya kabla ya kulipia siku inayofuata.

Dhana: kazi mbili zisizotegemeana zinaweza kwenda pamoja

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini tuseme mafundi wanaopiga lipu ndio hao hao wanaojenga shimo la maji taka, jambo la kawaida kabisa. Wakianza shimo siku ya kwanza wakati maseremala wanapaua, watamaliza siku ya 12, na lipu iliyotakiwa kuanza baada ya siku ya 10 imeshachelewa siku 2. Kazi yenye mwanya mkubwa kuliko zote imechelewesha nyumba. Wakijenga shimo baada ya lipu, kuanzia siku ya 22 hadi ya 34, hakuna kinachochelewa, mradi wasiwe pia ndio wa tailizi. Mbele ya kila kazi andika jina la kundi la mafundi, na ziunge kazi za kundi moja kama mnyororo: kazi ya pili ya kundi hilo inaisubiri ya kwanza, hata kama kiufundi hazihusiani.

Mwanya nao ni wa mnyororo, hauzidishwi kwa idadi ya kazi. Kwenye ratiba ya kwanza, ya siku 53, shimo likigawanywa kuwa kuchimba siku 4, kujenga siku 6 na kufunika siku 2, programu ya ratiba itaonyesha siku 41 mbele ya kila kipande. Hizo ni 41 kwa vyote vitatu. Wachimbaji wakizitumia 30, waashi na wafunikaji wamebakiwa na 11.

Dhana: muda wa kusubiri ni kazi kama nyingine

Zege la slabu halina fundi wakati linakomaa, lakini linakula kalenda. Lenyewe linatakiwa kumwagiliwa maji kwa angalau siku 7. Mirunda, yaani nguzo za muda zinazoshikilia slabu, huachwa kwa siku 14 hadi 21 au zaidi kufuatana na upana wa slabu na maelekezo ya mhandisi, na nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa kwa kipimo cha siku 28. Kuongeza vibarua hakupunguzi hata siku moja.

Kosa la kawaida ni kuingiza siku hizo kama siku za kazi. Zege haliendi mapumziko Jumapili. Siku 21 za kukomaa zikiandikwa kwenye kalenda ya siku 6 kwa wiki zinageuka 24, na kwenye kalenda ya siku 5 zinageuka 29. Programu kama Microsoft Project zina namna ya kuandika siku mfululizo. Itumie hiyo kwa zege, lipu inayokauka na rangi.

Dhana: kazi zikipishana, inatosha kuonyesha zinavyoanza

Chukua mtaro wa bomba la maji wa mita 300. Wachimbaji wanakwenda mita 20 kwa siku, yaani siku 15. Walazaji wa bomba wanakwenda mita 50, yaani siku 6. Ukiandika tu kwamba ulazaji unaanza siku 2 baada ya uchimbaji, ratiba itasema bomba limeisha kulazwa siku ya 8. Siku hiyo mtaro una mita 160.

Funga na miisho pia: ulazaji hauwezi kuisha kabla ya siku moja baada ya uchimbaji, yaani siku ya 16. Ukirudi nyuma siku 6, walazaji waje siku ya 11. Wakija siku ya 3 utawalipa posho wakiwa wamekaa.

Dhana: kila kundi lina uhakika, basi tarehe ya mwisho ina uhakika

Dari inasubiri madirisha na lipu. Kila kimoja kikiwa na nafasi ya asilimia 80 ya kuwa tayari kwa wakati, bila kimoja kuathiri kingine, nafasi ya dari kuanza kwa wakati ni 0.8 mara 0.8, yaani asilimia 64. Ukiongeza cha tatu unashuka hadi 51. Ndiyo maana ratiba huteleza kwenye makutano hata pale ambapo kila fundi alisema ukweli.

Jeshi la Maji la Marekani, kwenye mradi wake wa makombora ya Polaris mwaka 1958, lilianza kutumia makadirio matatu kwa kila kazi: muda mzuri, unaotarajiwa zaidi na mbaya. Unajumlisha muda mzuri, unaotarajiwa mara nne, na mbaya, kisha unagawanya kwa 6. Madirisha yenye 10, 14 na 30 yanatoa 96 gawanya kwa 6, yaani siku 16. Inafaa, ila nayo ikiangalia mnyororo mrefu peke yake inasahau ule wa pili wenye mwanya wa siku 4. Minyororo ya namna hiyo ifuatilie kama njia muhimu yenyewe.

Na katika kufuatilia, usimuulize fundi amefika asilimia ngapi. "Themanini" ya lipu inaweza kuwa imebakiza bafu na kingo zote. Muulize siku ngapi zimebaki, ingiza namba hiyo kila mwisho wa wiki, na hesabu ianze upya kutoka hapo.