Je, wajua kwa nini gari hugoma kuwaka ilhali betri ni nzima?

Ukizungusha ufunguo wa Land Rover au Land Cruiser ya zamani, ukasikia "tak" moja na taa za dashibodi zikafifia, hukumu ya haraka Mombasa huwa moja: betri imekufa. Hununuliwa mpya, gari likawaka siku chache, kisha "tak" ikarudi. Betri mpya ina nguvu ya ziada, kwa hivyo huficha ugonjwa tu. Mara nyingi mkosaji ni waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri.

Injini imekalia raba, na kwenye Land Cruiser bodi pia imekalia raba juu ya chesisi. Raba haipitishi umeme, basi stata, mota inayozungusha injini ili iwake, hutegemea waya huo wa shaba. Hewa ya chumvi hupenya katikati ya nyuzi zake chini ya ganda, shaba ikaliwa na kugeuka kijani, umeme ukakosa njia nzuri. Fundi akipuliza rangi pale waya unapofungwa, matokeo ni yale yale.

Kinachowapoteza wengi ni kuupima waya huo kwa ohm, yaani kupima ukinzani wake, jinsi unavyouzuia umeme. Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, inaonyesha karibu sifuri, waya ukatangazwa mzima. Lakini kipimo hicho hupitisha umeme kidogo mno. Ni sawa na kupima foleni ya feri ya Likoni kwa kuvuka saa tisa usiku: utapita bila kizuizi. Njia hiyo hiyo saa moja asubuhi ndiyo inayosema kweli. Stata huvuta ampea 200 hivi, ya dizeli huzidi. Ukinzani wa ohm 0.02, ambao multimita ya kawaida haiusomi vyema, ungekula volti 4 kwa ampea hizo, na kwa kilichobaki stata huzunguka kwa shida au isizunguke kabisa.

Basi pima kazi ikiendelea. Weka gia huru na handibreki, kata mafuta ili injini isiwake, multimita kwenye volti 20 DC. Ncha moja iguse chuma tupu cha injini, nyingine nguzo hasi yenyewe ya betri, si kishikio chake. Mwenzako apige stata sekunde tatu. Volti 0.2 ni salama, ikipita 0.5, waya au viungo vyake ni vibovu. Pima pia kwenye nguzo mbili za betri: ikishuka chini ya volti 9.6, huenda betri nayo imechoka kweli, kwani joto la Pwani huzidhoofisha mapema.

Cha ajabu, umeme ukikosa njia hujitafutia nyingine, hata kupitia kebo ya akseleta, ile ya kanyagio la mafuta. Ukiikuta kebo hiyo moto au ganda limeyeyuka, usihangaike na betri.

Kutengeneza: fungua ncha hasi kwanza, piga msasa hadi chuma king'ae, weka waya mpya wa milimita mraba 35, kaza, kisha ndipo upake grisi kwa juu.