Jiki haiyeyushi chokaa kwenye choo cha boti

Ujumbe ule ule umerudi tena kwenye magrupu ya mabaharia wa Mombasa: pampu ya choo cha boti ikikaza, mwaga jiki nusu chupa, lala, asubuhi mambo shwari. Si kweli.

Kinachokaza mara nyingi ni chokaa. Mkojo ukikutana na maji ya bahari, madini huganda ndani ya bomba, meupe na magumu, hadi njia inabaki nyembamba. Jiki, ya kampuni yoyote ile, huua vijidudu na kung'arisha bakuli, ndiyo maana watu hudhani imefanya kazi. Chokaa haiigusi. Tena ikilala humo huharibu vali ya mpira, na maji machafu huanza kurudi bakulini.

Jaribu mwenyewe: bandua vipande viwili vya chokaa, kimoja kwenye jiki, kingine kwenye siki nyeupe. Cha siki ndicho kitakachotoa mapovu. Glasi mbili mbali mbali, tafadhali. Jiki na siki zikichanganyika hutoa hewa ya sumu, na vyoo vya boti tunavijua vilivyobana.

Kama bomba ni safi, huenda pampu imekauka tu. Ipake grisi ya silikoni. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.