Kitenzi cha Kiingereza hakifuati jirani

"The price of shoes have increased." Nikibadilisha "have" kuwa "has", mwenye ripoti hunirudia akijiamini kabisa: "Lakini 'shoes' ni wingi, mwalimu." Jamani. Viatu ni wingi, sawa, ila viatu havikupanda. Iliyopanda ni bei.

Dhana yenyewe ni kwamba kitenzi hutazama nomino iliyo karibu nacho. Kinachonichosha ni kwamba mtu huyohuyo, tangu utotoni, hajawahi kusema "bei ya viatu vimepanda". Atasema "imepanda" hata ukimwamsha usiku wa manane. Ngeli zilishamzoesha kuviruka viatu na kumtafuta mwenye sentensi. Basi kabla ya kuandika kitenzi, iseme sentensi yako kwa Kiswahili usikie kiambishi kimemfuata nani. "The quality of these mangoes": ubora wa maembe haya umeshuka. Umoja, kwa hiyo "has dropped". Kila mtu amefika, si wamefika. Basi "everyone has arrived", wala usiniambie "everyone" ni watu wengi.

Ujanja huu una mwisho wake. "The chairman, together with his deputies": Kiswahili kitakuvuta kwenye "wamefika", Kiingereza sanifu kinabaki na "has arrived". Na ujirani kweli unahesabika penye "or" na "neither... nor": "Neither the driver nor the passengers were hurt." Nashuku watu walifundishwa hili siku moja, wakalitandaza kote.

"S" ya kitenzi ni ya wingi? Kinyume chake. "She sells", "they sell".

"I" ina adabu kuliko "me"? "The manager called Asha and I": mwondoe Asha, uone kama utathubutu "called I".

"They" kwa mtu mmoja, eti mtindo wa vijana wa juzi? Imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. "You" nayo ilikuwa ya wingi kabla ya kuimeza "thou", ndiyo maana hata mtu mmoja anaambiwa "you are".

Halafu kuna "My mother he is a nurse." Mwandishi akishtuka huweka "she", akadhani amepona. Bado. Ile "a-" ya "mama anafanya" umeitafsiri bure kuwa "he" au "she". Kifute kiwakilishi hicho: "My mother is a nurse."