Zabibu haziongezi damu: dhana potofu kuhusu tunda linalotufikia kupitia Kasumbalesa

Hapa Lubumbashi zabibu ni tunda la wageni na la wagonjwa. Nyingi kati ya zile tunazoziona sokoni hutoka Afrika Kusini, hupitia Zambia na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa, na bei yake huwa imekwisha kubeba gharama za safari hiyo yote kabla hazijawekwa kwenye meza ya muuzaji. Huenda ni ughali huo uliolipa tunda hili sifa ya dawa, kwa maana mtu aliyetoa fedha nyingi hapendi kuambiwa kwamba amenunua chakula cha kawaida.

Dhana yenye madhara kuliko zote ni ile isemayo kwamba zabibu nyekundu huongeza damu. Sababu inayotolewa ni rangi tu, na kwa hoja hiyohiyo wagonjwa hunyweshwa sharubati nyekundu na soda nyekundu. Rangi ya zabibu hutokana na viambata viitwavyo anthosiyanini, ambavyo havina uhusiano wowote na himoglobini, kiambata kinachoipa damu wekundu wake. Viambata vya jamii hiyo ndivyo vinavyolitia zambarau ganda la biringanya, nami sijapata kumsikia mtu akimpelekea mgonjwa biringanya ili aongezeke damu. Kinachohitajika hasa katika kutengeneza damu ni madini ya chuma, na gramu 100 za zabibu zina takriban miligramu 0.4 tu za madini hayo. Mama mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku, kwa hiyo angetegemea zabibu peke yake angelazimika kula karibu kilo saba kila siku.

Ubaya wa dhana hii si fedha zinazopotea, bali ni siku zinazopotea. Mtoto wa mji huu anapopungukiwa damu, mara nyingi chanzo ni malaria, ambayo huharibu chembe nyekundu za damu, au minyoo, au chakula duni, au ugonjwa wa selimundu aliorithi kwa wazazi wake wote wawili, na kila chanzo kina tiba yake. Malaria kali inaweza kuishusha damu ya mtoto mdogo hadi kiwango cha hatari ndani ya siku chache. Mtoto ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, anayehema kwa shida au aliyelegea, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe. Matunda yatamngoja nyumbani.

Kwa anayetaka kulinda damu ya watu wake kwa chakula, bukari yetu (ugali) tayari ina majirani wema: maharagwe, sombe (majani ya muhogo), ndagala (dagaa) na maini. Chuma kitokanacho na mimea hufyonzwa kwa shida mwilini, lakini vitamini C ikiliwa pamoja nacho hurahisisha kazi hiyo. Hapo pera la uani linaishinda zabibu kwa mbali sana, kwa kuwa gramu 100 za mapera huwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, ilhali zabibu zina takriban miligramu 3. Tena ganda na mbegu za zabibu zina tanini, na tanini ni miongoni mwa viambata vinavyosababisha chai inayonywewa pamoja na chakula kupunguza ufyonzwaji wa chuma.

Dhana ya damu ina ndugu yake, nayo ni kwamba glasi ya mvinyo mwekundu kila siku ni dawa ya moyo. Wazo hili lilienea duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipojaribu kueleza kwa nini Wafaransa walikuwa na vifo vichache vya ugonjwa wa moyo ingawa walikula mafuta mengi, na baadaye sifa ikaelekezwa kwa kiambata cha ganda la zabibu kiitwacho resveratroli. Kiasi kilichomo katika glasi moja ni kidogo mno kikilinganishwa na vipimo vinavyotumiwa maabara. Kwa upande mwingine, pombe iliwekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa tangu mwaka 1988, na mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Mama mjamzito anayeshauriwa kunywa mvinyo ili apate damu anashauriwa vibaya mara mbili.

Je, mwenye kisukari akatazwe zabibu kabisa? Hapana. Gramu 100 zina sukari ipatayo gramu 15, kiasi ambacho hakistahili kupuuzwa, lakini konzi moja iliyohesabiwa katika mlo wa siku haimdhuru mgonjwa anayefuata matibabu yake. Uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 187,000, uliochapishwa mwaka 2013, uliona kwamba waliozoea kula matunda mazima, zabibu zikiwemo, walipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache, wakati waliozoea juisi za matunda walikipata zaidi. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba zabibu ni kinga, ila unatosha kutenganisha tunda na juisi yake.

Lipo pia kosa la lugha, ambalo sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa huliangukia kwa urahisi. Neno raisin kwa Kifaransa ni zabibu mbichi, lakini kwa Kiingereza ni zabibu kavu. Anayesoma majedwali ya Kiingereza atadhani zabibu zina kalori 300 kwa gramu 100, kumbe hizo ni za zabibu kavu. Mbichi zina takriban 70, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji.

Ule unga mweupe juu ya ganda si sumu, ni nta ya tunda lenyewe. Hata hivyo zabibu zioshwe vizuri kwa maji safi, kwa sababu dawa za shambani na mikono ya njiani havionekani kwa macho. Mbegu zikimezwa hutoka salama.

Hatari iliyo wazi zaidi haimo katika dhana yoyote kati ya hizi. Zabibu nzima inaweza kuziba koo la mtoto aliye chini ya miaka mitano na kumkosesha pumzi. Ikatwe kwa urefu vipande vinne, naye aile akiwa ameketi, mtu mzima akimwangalia.