Taka za Tsunami Zinapofika Ufukweni: Maswali na Majibu Kuhusu Afya

Tarehe 11 Machi 2011, tsunami iliipiga pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Serikali ya nchi hiyo ilikadiria kuwa tani milioni 5 za vitu zilisombwa na maji. Nyingi zilizama karibu na pwani, na takriban tani milioni 1.5 zilibaki zikielea. Baadhi yake zilivuka Pasifiki hadi fukwe za Marekani na Kanada.

Je, taka hizo zilikuwa na mionzi?

Hofu hii inaeleweka, kwa kuwa tsunami hiyohiyo ndiyo iliyokiharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima. Hata hivyo, mawimbi yalivisomba vitu hivyo kabla mionzi haijaanza kuvuja, tena kutoka mwambao mrefu ambao sehemu yake kubwa iko mbali na kituo. Taka zilizopimwa Marekani hazikukutwa na mionzi iliyozidi kiwango cha kawaida.

Basi cha kuogopa ni nini?

Ni vitu ambavyo watu wamevizoea, na ndiyo maana huvidharau: mbao zenye misumari, vioo, nyavu, mitungi ya gesi na mapipa. Pipa lililoelea kwa miaka limeelea kwa sababu mfuniko wake bado umekaza, kwa hiyo huenda kemikali iliyokuwemo ingali imo. Asiyejua kilichomo asilifungue, asilisogeze wala asilinuse ili kulitambua, bali awaondoe watoto, asimame upande unakotoka upepo na kuwaarifu wenye mamlaka.

Nikichomwa na msumari nifanye nini?

Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, wala si kwa maji ya bahari, kisha nenda kituo cha afya. Jeraha lenye uchafu huhitaji chanjo ya pepopunda ikiwa miaka 5 au zaidi imepita tangu uchanjwe mara ya mwisho. Mwenye kisukari au ugonjwa wa ini asisubiri hata siku moja, kwani bakteria wa baharini humdhuru upesi zaidi.

Je, kome walioshikamana na taka wanalika?

Hapana. Kome huchuja maji na kukusanya mwilini sumu iliyomo, ikiwemo ya rangi na mafuta ya chombo walichokishikilia. Pia wasirudishwe baharini. Gati la kuelea la Misawa, mji wa Japani, lenye urefu wa mita 20, lilipofika Oregon, jimbo la Marekani, Juni 2012 likiwa limejaa viumbe hai wa Japani, wafanyakazi waliwakwangua, wakawafukia mbali na maji, kisha wakaunguza uso wa gati kwa moto ili asibaki hata mmoja wa kuzaliana katika pwani isiyo yake.