Usanifu endelevu: maana yake kwa nyumba ya mafungo kando ya Ziwa Victoria

Neno "endelevu" limechoka. Limebandikwa kwenye kilimo, uvuvi na utalii, hadi kwenye mabango ya semina ambazo meza zake zimejaa chupa za maji za plastiki. Lilishika kasi mwaka 1987, pale tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipoeleza kuwa maendeleo endelevu hutimiza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza ya kwao. Kwa msanifu majengo maana yake ni hii: nyumba ichorwe ili itumie umeme, maji na vifaa kwa uchache, tangu msingi unapochimbwa hadi siku inapobomolewa, na uchafu wake usiwe mzigo wa jirani.

Tuchukue mfano wa nyumba ya mafungo. Wakristo wana mafungo, siku za kujitenga kwa sala, Waislamu wana itikafu msikitini, na siku hizi wapo pia wanaotafuta mahali pa taamuli tu, kukaa, kufumba macho na kufuata pumzi. Tuseme mtu ana kiwanja juu ya miamba nje kidogo ya jiji la Mwanza, ziwa analiona, na anataka kupokea wageni kumi na wawili. Wageni hao wanafuata kimya. Mimi naona kimya ndicho kipimo kizuri cha uendelevu kuliko cheti chochote, kwa sababu karibu kila kinachopiga kelele ndani ya jengo kinakula nishati. Jenereta linaunguruma kwa sababu kiyoyozi kinataka umeme, na kiyoyozi kinauhitaji kwa sababu aliyechora ramani hakulijali jua wala upepo.

Tuanze na jua. Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini ya Ikweta, kwa hiyo mchana jua hukaa karibu na utosi mwaka mzima na joto jingi huingia kupitia paa. Asubuhi na jioni huwa limeshuka, likapiga kuta za mashariki na magharibi. Ndiyo maana nyumba hulazwa kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta fupi zikapokea jua kali na madirisha mengi yakatazama kaskazini na kusini. Hapo ndipo mwenye kiwanja hugombana na msanifu wake. Viwanja vingi vya huku vina ziwa upande wa magharibi, jua linazama majini, na kila mtu anataka ukuta mzima wa kioo autazame. Kioo hicho kikishawekwa, kuanzia saa tisa alasiri chumba kinakuwa tanuri. Dawa yake ni ya kizamani: baraza pana upande wa ziwa, paa lishuke chini, mgeni akatazame machweo akiwa nje kivulini.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake ikapanda, na upepo wa ziwani ukaja kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazokabiliana hupitiwa na upepo huo bure. Lazima madirisha yawe na nyavu, kwa mbu na kwa vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi na kuifuata taa. Lakini nyavu hupunguza upepo, kwa hiyo fundi aongeze ukubwa wa dirisha.

Paa ndilo gumu zaidi. Bati linadumu na linakinga maji ya mvua vizuri, ila radi za usiku zinazozaliwa juu ya ziwa zikileta mvua, aliye chini ya bati tupu hasikii hata mwenzake. Nyasi hunyamaza na hupoza, ila zinashika moto na zinataka kubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022, kwenye shule aliyoichora kijijini kwao Gando aliliinua bati juu kabisa ya dari ya matofali, hewa ikapita katikati na kulibeba joto kabla halijashuka. Mpango wa namna hiyo unatibu joto na kelele kwa pamoja.

Kuta? Mawe yapo mlangoni, mafundi wa Mwanza wanayajua. Tofali za kuchoma zinakula kuni nyingi. Udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwenye mashine hauhitaji tanuru. Miamba mikubwa iachwe ilivyo, nyumba ipite kati yake. Kuivunja ni gharama, na kivuli chake ni cha bure.

Maji ndiyo yasiyosamehe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 ziwa lilipanda likawafuata waliojenga karibu. Choo cha mboji, kinachogeuza kinyesi kuwa mbolea bila maji, kinafaa kwenye mwamba usiochimbika. Maji ya bafuni yapitishwe kwenye bwawa dogo la kokoto na matete kabla ya kumwagiliwa miti.

Kisha yapo matunzo, ambayo mchoro hauonyeshi. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa ili nyasi na miti vipumzike hadi kiangazi. Mwenye nyumba akichagua paa la nyasi, afunge sehemu ya kiwanja chake kwa mtindo huo, na awe amepatana mapema na mafundi wa kijiji cha jirani, maana nyasi hukatwa zikiwa zimekauka, na wakati huo kila mtu anazitaka.